Pampu Ilikuwa Ndani, Ufunguo Ulikuwa Makaburini

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango wa nyumba ya watu, kipaji cha uso nimekiegemeza kwenye mbao, na pumzi haiingii. Sisemi ilikuwa inaingia kidogo. Haiingii. Nilivuta mabega juu, nikavuta shingo, nikavuta tumbo, nikahisi ngozi ya koo inazama ndani. Mkojo ulinitoka, ukapita kwenye khanga mpaka chini, na sikuona aibu, maana aibu nayo inahitaji pumzi.

Upande wa pili wa mlango ule, hatua nne hivi kutoka puani kwangu, ulikuwepo mkoba wangu mweusi, na ndani ya mkoba ilikuwemo pampu yangu ya pumu. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya Mama Noela. Na Mama Noela alikuwa makaburini, anaongoza nyimbo.

Nyuma yangu wanawake walikuwa wanabishana. Mmoja anasema, "Mpepeeni." Mwingine anasema, "Mpeni maji ya chumvi." Wa tatu, ambaye simtaji kwa sababu baadaye alikuja kwangu akaniomba radhi, alisema, "Mwacheni, ametulia huyo. Hamsikii kifua kimeacha kupiga miluzi?"

Kifua kilikuwa kimeacha kupiga miluzi kwa sababu hakukuwa na upepo tena wa kuipiga.

Naitwa Edina. Hapa Tunduma wengi wananijua kwa jina la Mama Neema. Nina miaka arobaini na saba, nauza maharage sokoni, na shule niliishia darasa la nne kule kwetu Iyula, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Daktari wa kliniki ya kifua aliniomba niandike ushuhuda wagonjwa wenzangu wasomewe. Nikamwambia nitaandika, ila nitataja watu. Akacheka, akasema, "Mama, wewe taja dawa." Dawa nitazitaja. Na watu nitawataja.

Kifua changu nimezaliwa nacho. Utotoni, msimu wa kahawa, wenzangu walikuwa wanashindana kushusha vikapu bondeni, mimi nafika wa mwisho nimeshika mbavu. Mama alikuwa ananisugua mgongo kwa mafuta ya moto na kusema ni kifua cha ukoo, kitakwisha nikizaa. Nimezaa, hakikuisha. Nimeolewa, nimehamia Tunduma, nimefiwa na mume, kifua kipo. Lakini nilikuwa mtu wa kazi. Debe la maharage nalibeba kichwani mwenyewe. Wateja wangu kutoka upande wa Zambia wananiita bamayo, mama kwa lugha yao, na wanajua kipimo changu hakina ujanja.

Miaka michache iliyopita nilibanwa sokoni wakati tunapepeta maharage, nikapelekwa hospitali, wakaniambia ni pumu. Nikapewa pampu mbili. Moja ya kahawia, nivute asubuhi na jioni kila siku, hata siku nikiwa mzima kabisa, ili mirija ya hewa isivimbe. Ya pili ya bluu, nivute nikibanwa. Waliniambia hivyo kwa Kiswahili changu mwenyewe, niliwaelewa, na kwa mwaka mzima nilifuata. Mwaka ule nililala kama mtoto.

Sasa naanza kutaja. Wa kwanza ni Daudi, muuzaji wa duka la dawa la hapa mtaani kwetu. Siku moja naenda kununua ya kahawia, akaninong'oneza kama mtu anayenifanyia wema. "Mama, hii ya kahawia unaivuta, unapata nafuu saa ngapi?" Nikamwambia sioni nafuu ya papo kwa papo. "Si unaona? Unajichosha bure. Hii ni ya wazee wasiotoka ndani. Chukua za bluu mbili, ndizo zinazofanya kazi." Nilipenda maneno yale. Mtu akikwambia acha dawa, unajiona umepona. Nikaacha ya kahawia.

Wa pili ni mimi. Najitaja ili msiseme nawaonea wengine. Nilikuwa naificha pampu yangu. Mtaani kwetu watu wana maneno yao, wakiona mtu anavuta pampu wanasema huyo anahesabiwa siku, pampu ukishaizoea hutoki nayo salama. Basi nikibanwa nilikuwa naingia chooni, navuta kule, natoka nimefuta mdomo. Watu wakiniuliza, nasema ni vumbi la malori. Kufika Juni, baridi imeshuka, nilikuwa naingia chooni mara nane, mara kumi kwa siku. Mtu mwenye akili angejua kwamba pampu ya bluu ikiitwa mara nyingi hivyo, nyumba inaungua. Mimi nilichojua ni kununua nyingine.

Halafu mafua yakaja. Mnajua mafua ya Juni hapa kwetu. Upepo unatoka milimani unakata masikio, watu wanajifungia, wanakohoa kwenye shuka moja, wananywea kikombe kimoja. Yalianza kwa binti yangu Neema. Siku mbili baadaye pua yangu ikaziba. Siku ya tatu makohozi yakawa mazito kama ute wa bamia, natapika nikikohoa, na ubavu wa kushoto unauma kama nimepigwa ngumi. Mteja wangu mmoja Mzambia alinitazama, akaacha kuchagua maharage. "Bamayo, funga biashara, nenda hospitali." Nikamwambia, "Mafua tu haya."

Siku hiyo hiyo ndipo ulipotokea msiba wa jirani. Alifariki baba mkwe wake, mzee wa watu, alikuwa ameumwa muda mrefu. Na mimi ni mwanachama wa kikundi cha kinamama wa mtaa. Kazi ya kikundi ni msiba. Tunapika, tunaosha vyombo, tunalala chini na wafiwa. Asiyefika kwa mwenzake, na yeye siku yake hawafiki. Wengine tumetoka Mbozi, wengine Ileje, wengine mikoa ya mbali, ndugu zetu hawako karibu. Kikundi ndio ndugu. Mngeniuliza mwaka jana naogopa nini kuliko kifo, ningesema kuzikwa bila wanawake wa kunipikia watu.

Kikundi kina sheria moja nitakayoieleza vizuri, maana hapo ndipo penyewe. Mwaka juzi simu iliibwa msibani, wanawake wakashikana mashati mbele ya maiti. Tukakaa kikao, tukakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo, kina mama wote wa zamu wakifika msibani, mikoba na simu zao zinawekwa chumba kimoja, kinafungwa, ufunguo anakaa nao mwenyekiti mpaka kazi iishe. Watu waliulizwa wanaokubali wanyooshe mikono. Mkono wangu ulikuwa juu. Sikuwaza pampu. Nilikuwa naificha, ningeiwazaje mbele za watu?

Mwenyekiti wetu ni Mama Noela. Huyo ndiye wa tatu.

Asubuhi ya mazishi nilifika nimejifunga shuka, natetemeka. Nikamfuata pembeni.

"Mwenyekiti, mimi naumwa. Nimekuja ili nionekane, lakini jikoni sitaweza."

"Una nini?"

"Mafua. Na kifua."

"Nani hapa hana mafua, Mama Neema? Mimi mwenyewe napenga tangu juzi. Shika mwiko."

Hapo nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele za watu. "Nina pumu. Moshi utaniua. Nipe viazi nikamenye kule nje."

"Viazi wanamenya vikongwe. Wewe ni kikongwe? Juzi nimekuona sokoni na debe kichwani."

Wenzetu walishasogea. Mmoja akadakia, "Mwacheni, leo amejipaka mafuta mazuri, anaogopa masizi." Wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka na mafua yangu, ili nisionekane mwenye maringo.

Nikamwambia, "Basi niache nibaki na pampu yangu, mkoba chukua."

Akaitazama mkononi mwangu kama nimeshika panya. "Kichupa hicho unataka ukivute mbele ya wafiwa? Nikikuachia wewe na kitu chako, wote watataka simu zao. Weka ndani. Ukizidiwa niite, nafungua."

Nikaweka. Mwanamke anaweka kila kitu kifuani, noti, kitambaa, picha ya mtoto. Ningetia pampu kifuani nani angejua? Lakini nilitii. Nimelelewa kutii wenyeviti.

Jiko la msiba mnalijua. Kwa kawaida linakuwa wazi, moshi unakwenda zake. Siku ile, kwa sababu ya upepo wa baridi, walilizungushia mabati na turubai pande tatu ili wapishi wasipigwe na baridi. Walikuwa wanatuhurumia. Kuni zilikuwa milingoti mibichi, ile mikaratusi, na ilipokataa kuwaka wakajaza magunzi. Moshi ukakaa mle ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Kila aliyekuwemo alikuwa anakohoa, anafuta pua kwa kiganja, anashika mwiko, anampa mwenzake.

Saa tano kifua kikaanza kupiga miluzi. Saa sita nilikuwa nasonga ugali huku nahesabu maneno. Nikitaka kusema "leteni maji," inatoka "leteni", navuta, halafu "maji". Nikatoka kumtafuta Mama Noela. Nikakuta watu wanapanda magari, jeneza limeshatoka. Wapishi huwa tunabaki. Mama Noela alikuwa ameshakaa kwenye gari la mbele, pindo la khanga limefungwa fundo, na fundo lile nililiona kwa macho yangu.

Nikaita, "Mwenyekiti! Ufunguo!"

Sauti ilikuwa ndogo, sikatai. Lakini aligeuka. Alinitazama. Akanipungia mkono, kama mtu anayeagana na mtoto, na gari likaondoka.

Ndipo nikajikokota mpaka kwenye ule mlango, nikapiga magoti. Mengine nimeshayasema.

Aliyeniokoa ni mwanamume, jina lake Baba Rahma, Mwislamu, mtu wa Tanga, ana lori analosafirisha mizigo. Alikuwa ameshapeleka watu makaburini safari ya kwanza, amerudi kuchukua waliobaki. Akawaona wanawake wamezunguka kitu, akadhani ni ugomvi. Akapenya.

"Huyu ana nini?"

"Pumu. Dawa yake imo humo ndani."

"Ufunguo?"

"Anao mwenyekiti."

"Yuko wapi?"

"Makaburini."

"Na huyu mmemweka hapa amsubiri?"

Akarudi kwenye lori, akaja na spana ya tairi. Bibi mmoja akamshika mkono. "Baba, nyumba ya msiba haivunjwi kitu. Matanga hayajaondolewa. Utaita kifo kingine."

Baba Rahma akasema, "Bibi, kifo kingine hicho hapo kimepiga magoti."

Akavunja. Mapigo mawili tu, kitasa kikadondoka. Mle ndani mikoba ilikuwa rundo. Ananionyesha mmoja mmoja, "Huu? Huu?" na mimi nashindwa hata kutikisa kichwa, natumia macho. Akaipata. Akaniwekea mdomoni, akabonyeza. Haikuingia kitu, dawa ilibaki kwenye ulimi, chungu. Akabonyeza tena, na tena. Kidogo kikaingia, kama uzi. Akanibeba mpaka kwenye lori, nikataka kulala, akakataa, "Kaa wima, mama, usilale, kaa wima!" akapiga honi kutoka pale mpaka hospitali. Foleni ya malori ya mpakani ilitupisha. Sijui aliwaambia nini. Matusi, nadhani.

Hospitali niliwekewa oksijeni puani, nikachomwa sindano, nikawekewa mashine ya mvuke yenye dawa usoni, inaunguruma kama kinu. Neema alifika akakuta midomo yangu ina rangi ya zambarau na kucha zimekuwa za kijivu. Alidhani tayari. Nesi alimwambia, "Shika miguu yake, ina joto. Mama yako yupo."

Jioni miluzi ikarudi. Neema akaanza kulia, "Daktari, kimeanza tena!" Daktari akamwambia, "Furahi. Hewa inapita. Kifua cha pumu kikinyamaza huku mtu anahangaika, hapo ndipo anapoondoka." Neno hilo naomba kila atakayesomewa alishike. Mgonjwa wa pumu akinyamaza ghafla, hajatulia.

Nililala pale siku nne. Misuli ya mbavu iliniuma kama nimelimishwa shamba la watu. Vidonge walivyonipa vilinivimbisha uso na kunipa njaa ya ajabu, nikawa nakula ugali wa Neema na wangu. Daktari aliniuliza, "Nani alikuambia uache ya kahawia?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa. Akachukua chupa ya plastiki ya maji, akatoboa kitako chake, akachomeka pampu pale, akanifundisha kupulizia ndani ya chupa na kuvuta taratibu mdomoni mwa chupa. Dawa yote inafika kifuani, haibaki kwenye ulimi. Miaka yote ile nilikuwa nailisha meno.

Nilipotoka nilikwenda kwa Daudi. Akasema, "Mama, mimi nauza tu, sitibu." Nikamwambia, "Basi uza, usinong'one." Wateja walikuwepo, wamesikia.

Nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata kikaja kikaratasi cha daftari kutoka kwenye kikundi. Neema alinisomea. Kwamba Mama Neema amesababisha mlango wa msiba kuvunjwa kabla ya kuondoa matanga, ameleta nuksi. Kwamba alete kuku na unga, asimame mbele ya wafiwa aombe radhi. Kwamba asipofanya hivyo, jina lake limefutwa, na siku yake likitokea la kutokea, kikundi hakitawasha moto.

Mlango wenyewe Baba Rahma alishauwekea kitasa kipya siku ile ile ya mazishi. Mfiwa mwenyewe, jirani yangu, alikuja hospitali na uji, akaniambia, "Dada, mlango ni mbao." Mwenye nyumba hana neno. Mwenye ufunguo ndiye mwenye neno. Na sokoni anawaambia watu kwamba nilikuwa nadeka, nilikwepa zamu.

Nililia. Sitaki kuwadanganya. Oksijeni sikuililia, lakini kile kikaratasi nilikililia. Neema akasema, "Mama, kuku ni nini? Peleka yaishe." Nikamwambia, mwanangu, nikipeleka kuku nimekubali kwamba kosa lilikuwa mlango. Kesho mwingine atapiga magoti pale pale, na watamwacha, kwa sababu Mama Neema alishatozwa. Kikundini mle nawajua wawili wanaoficha pampu zao kama nilivyoficha mimi. Mmoja amejifungua juzi. Sipeleki kuku. Sipeleki hata yai.

Sasa hivi ni Juni nyingine, baridi ni ile ile, mafua ni yale yale, Neema ameshapiga chafya nyumba nzima. Lakini mimi navuta ya kahawia asubuhi na jioni, nasukutua mdomo kwa maji, naendelea na kazi. Kama pampu zenu ni za rangi nyingine, muulizeni daktari ipi ni ya kila siku na ipi ni ya kubanwa, msimuulize muuza duka. Mwenye mafua kwangu ana kikombe chake na anakoholea kwenye kiwiko. Maharage siku hizi napepeta nimejifunga kitambaa, na moto wa kuni siukaribii. Pampu ya bluu inaning'inia shingoni kwangu kwa kamba ya kiatu, nje ya blauzi, kila mtu anaiona. Kuna mteja aliniuliza ni filimbi? Nikamwambia ndiyo, nikipiga mje. Na nikiona naivuta kuliko kawaida, au sentensi haiishi bila kupumzika, sisubiri kesho, naenda hospitali na miguu yangu ningali nayo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Baba Rahma na spana yake, watoto wake wasipungukiwe. Nawashukuru manesi. Wewe unayesomewa hapa na kifua kinakubana, usiogope pampu. Waogope wanaokuambia uifiche.

Na wewe Mama Noela. Najua utasomewa, maana nimetoa nakala na kikundi nimekiletea. Jumamosi kuna kikao. Nakuja, jina limefutwa halijafutwa. Sitaki kuku wako wala radhi ya pembeni. Nataka usimame mbele ya wale wanawake, uwaambie pale kwenye gari, ulipogeuka ukanitazama, ulisikia nimesema nini. Halafu uwaambie chumba cha mikoba kikifungwa tena, yule aliyejifungua juzi, mwenye pampu, atapumua kwa ruhusa ya nani. Msiponipa kiti nitasimama. Siku hizi kifua kinaniruhusu kusimama kutwa nzima. Jibu.